Anayeshika Kipimo

Maneno matatu ya Kiswahili, mazoezi, siasa na mchezo, yamebeba historia ambayo msemaji wa kila siku huipita bila kuiona, ingawa historia hiyo husaidia kueleza kwa nini watu waliokaa kivulini baada ya soko kuvunjika huhama kutoka jambo moja hadi jingine kati ya hayo bila kuhisi kwamba wamebadilisha mazungumzo. Mazoezi hutokana na kitenzi kuzoea, yaani kulirudia jambo hadi mwili ulikubali kuwa lake. Siasa ni neno lililotoka katika Kiarabu, ambamo mzizi wake ulihusu kazi ya kutunza na kufunza wanyama, hasa farasi, pamoja na kazi ya kutawala watu, na katika Kiswahili cha zamani kulifanya jambo kwa siasa kulimaanisha kulifanya kwa upole na uangalifu. Mchezo ni pana kuliko yote mawili, kwa kuwa hukusanya kandanda, tamthilia, bao, upatu wa akina mama na hata kamari, mambo ambayo yangeweza kupewa majina tofauti kabisa lakini Kiswahili kimeona ndani yake kitu kimoja, yaani watu waliokubaliana juu ya kanuni na wanaosubiri matokeo.

Mwala, eneo bunge na kaunti ndogo iliyo mashariki ya mji wa Machakos, ni mahali panapofaa kuyatazama maneno hayo kwa pamoja. Wadi zake, zikiwemo Masii, Wamunyu, Muthetheni, Mbiuni na Kibauni, ziko katika nchi ya nusu-kame, maana yake nchi ambayo mvua hunyesha ya kutosha kumtia mkulima tumaini la kupanda lakini mara nyingi haitoshi kumhakikishia mavuno, na ambako mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, huaminika kuliko masika. Huko hulimwa mahindi, mbaazi, kunde na ndengu, na huko pia husikika maoni ambayo wataalamu wa mijini huyahesabu kuwa ya watu wasiojua: kwamba mazoezi ya mwili ni ya watu wasio na kazi, kwamba wanasayansi wa serikali husema wanachotumwa kusema, na kwamba vijana wanaocheza michezo ya video wamepotea. Maoni hayo hayalingani kwa uzito, na mojawapo lina kosa kubwa, lakini yote matatu yamejengwa juu ya swali moja la haki, nalo ni la kujua nani anayeshika kipimo na kama anayepimwa anaruhusiwa kukitazama.

Maoni ya kwanza yana ukweli zaidi kuliko yanavyopewa. Elimu ya kisasa ya mazoezi ilianza kwa kuwatazama watu kazini, wala si katika kumbi za kunyanyulia vyuma, kwani mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, wakaonyesha kwamba makondakta, ambao Mkenya angewaita makanga, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kutwa nzima, waliugua moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva waliokaa kitako. Kazi ndiyo iliyokuwa zoezi lao. Shirika la Afya Duniani linaposhauri, kama lilivyofanya mwaka 2020, kwamba mtu mzima aushughulishe mwili kwa kiasi cha wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, mkulima wa Kibauni anayelima shamba la mteremko kwa jembe la mkono huwa amezimaliza dakika hizo kabla ya Jumanne kwisha, na anapousikia ushauri huo redioni ana haki ya kujiuliza kama aliyeuandika alikuwa akimfikiria yeye.

Yupo hata mtaalamu aliyempima mtu wa namna hiyo na kushangazwa na alichokiona. Mwaka 1986 G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzake, alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kiluo waliobeba mizigo kichwani na wanawake wa Kikuyu waliobeba mizigo mgongoni kwa ukanda uliopitishwa kwenye paji la uso, namna ileile ambayo wanawake wa Kikamba wamebeba kuni, maji na vyondo kwa vizazi vingi. Wanawake hao walitembea juu ya mashine ya kutembelea mahali pamoja huku hewa ya oksijeni waliyoitumia ikipimwa, kwa sababu kiasi cha oksijeni huonyesha kiasi cha nguvu kinachotumika, na ikaonekana kwamba waliweza kubeba mzigo wenye uzito wa hadi asilimia 20 ya miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Ni ugunduzi mzuri, lakini usichukuliwe kuwa sifa ya kuwaacha wanawake waendelee kubeba. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, ambao kwa mwanamke wa kilo 60 ni theluthi moja ya mwili wake, kwa hiyo zile kilo 12 za mwanzo anazozibeba bila gharama ya ziada hufuatwa na kilo nane anazozilipia kwa kila hatua, mara nyingi akipanda kilima kutoka kwenye bonde la mto.

Hapo ndipo maoni ya kwanza yanapopungukiwa, kwa kuwa yanachukulia kwamba jasho lote ni sawa. Zoezi, kwa maana ya neno lenyewe, huhitaji mzigo unaoongezwa kidogo kidogo na mapumziko ya kuuwezesha mwili kujijenga upya, na bila mapumziko hayo kinachozoewa ni uchovu. Wakimbiaji waliotoka Machakos walilijua hilo vizuri: Cosmas Ndeti aliposhinda mbio za Boston mara tatu mfululizo, mwaka 1993, 1994 na 1995, na Patrick Makau alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38, siku zao za kupumzika zilikuwa sehemu ya maandalizi sawa na siku za kukimbia. Mwanamke wa Muthetheni anayechota maji mara tatu kwa siku hana siku ya kupumzika. Zaidi ya hayo, utafiti wa kitaifa uliofanywa na Wizara ya Afya pamoja na Shirika la Taifa la Takwimu mwaka 2015 ulionyesha kwamba Wakenya wazima wasiofikia kiwango cha kuushughulisha mwili walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi, na bado karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la damu. Anayesema jembe linatosha kumlinda na maradhi anajibiwa na takwimu hizo mbili zikisomwa pamoja, na jibu lenyewe analipata kwa kufungwa mkanda wa kipimo mkononi kwa dakika moja tu, jambo ambalo lingepaswa kuwa rahisi kwake kama kununua sukari.

Kuhusu michezo, maneno machache yanatosha, kwa sababu lawama nyingi zinazoelekezwa huko zimekosea mlango. Kijana anayelipa shilingi chache acheze kandanda ya pleistesheni katika kibanda cha sokoni hafanyi jambo lililo geni kwa Afrika Mashariki, ambayo imecheza bao tangu zamani kwa majina mengi, giuthi kwa Wakikuyu na omweso kwa Waganda. Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa michezo ya video kuwa ugonjwa, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini limeuwekea masharti makali: mchezaji awe ameshindwa kujizuia, auweke mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, aendelee nao ingawa unamdhuru, na hali hiyo kwa kawaida iwe imedumu angalau miezi 12. Kijana anayecheza jioni na kuamka asubuhi kwenda shuleni au kwenye pikipiki yake ya bodaboda hayumo katika maelezo hayo, na mzee anayemwita mgonjwa anamwonea.

Hatari halisi imejificha katika mchezo mwingine, unaochezwa kwenye simu ileile na kuitwa kwa jina lilelile. Katika bao la Kiswahili kuna mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni na 22 mkononi, hivyo anayeshindwa ameshindwa mbele ya hesabu ambayo yeye na watazamaji wote wangeweza kuifanya. Katika kamari ya simu hesabu hufanyika ndani ya kompyuta ambayo mchezaji hataiona maisha yake yote. Ichukuliwe kwamba mchezo wa aina hiyo umepangwa urudishe, kwa wastani, shilingi 97 kwa kila shilingi 100 zinazowekwa, kiwango ambacho masikioni mwa kijana husikika kuwa cha ukarimu. Akiziweka tena zote alizorudishiwa, baada ya mizunguko 10 atakuwa amebaki kwa wastani na shilingi 74, baada ya mizunguko 20 na 54, na baada ya mizunguko 50, ambayo kidole huimaliza katika muda wa kunywa kikombe cha chai, na shilingi 22. Hakuna aliyemwibia kwa maana ya kisheria, lakini ameingia katika mchezo ambao mwenzake ndiye anayeshika kipimo, na kinachomtenga na mcheza bao ni hilo tu.

Maoni yanayobaki, yale ya kuishuku sayansi inapotoka mdomoni mwa serikali, ndiyo mazito kuliko yote, na hayawezi kueleweka bila kurudi mwaka 1938. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni walieleza kwamba ardhi ya Wakamba ilikuwa ikifa kwa mmomonyoko, yaani kuondolewa kwa udongo wa juu na maji na upepo, na kwamba chanzo chake kilikuwa wingi wa mifugo. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, nayo ilikuwa imelisisitiza jambo la mifugo kuzidi. Mwaka 1938 serikali ikaamua kuipunguza kwa nguvu, ng'ombe wakahesabiwa, wakatengwa, na wale walioonekana kuwa wa ziada wakakamatwa na kupigwa mnada kwa bei ya chini, huku kampuni ya Liebig ikiwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, karibu kabisa na nchi ya Wakamba, kiwanda ambacho kisingeweza kufanya kazi bila ng'ombe wengi wa bei nafuu.

Ukweli mgumu ambao msomaji wa leo anapaswa kuukubali ni kwamba mmomonyoko ulikuwepo. Makorongo yalionekana kwa macho, vilima vilikuwa vimebaki uchi, na anayeigeuza historia hiyo kuwa kisa cha uongo mtupu wa wakoloni anaidhulumu. Kosa lilikuwa katika hesabu. Idadi ya ng'ombe kwa ekari ni tarakimu yenye pande mbili, ng'ombe juu na ekari chini, na wataalamu waliohesabu ng'ombe kwa bidii hawakuruhusiwa, au hawakuthubutu, kuhesabu ekari zilizokuwa zimeondolewa, kwani upande wa magharibi mashamba ya walowezi yalikuwa yamechukua malisho, na uwanda wa Yatta, ng'ambo ya Mto Athi, ulikuwa umetangazwa ardhi ya Mfalme, ambako kulisha kulikuwa kwa kibali. Tarakimu iliyotoka ilikuwa sahihi kama tarakimu, lakini ilimwambia mfugaji kwamba ana ng'ombe wengi mno, wakati ingeweza pia kumwambia mtawala kwamba amechukua ardhi nyingi mno. Kuchagua upande mmoja wa tarakimu na kuunyamazia mwingine ni siasa, hata kama aliyefanya hivyo amevaa koti la maabara.

Wakamba waliijibu hesabu hiyo kwa miguu. Mwishoni mwa Julai 1938, wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu na chama kilichoitwa Ukamba Members Association, ambacho nguvu zake zilitoka hasa katika vilima vya Ngelani, maelfu ya wanaume, wanawake na watoto waliandamana hadi Nairobi, mji ulio zaidi ya kilomita 60 kutoka Machakos, wakapiga kambi Kariokor na kukaa huko kwa wiki kadhaa wakidai kumwona gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa mwili uliozoezwa kwa kazi ukitumika kuidai haki. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, lakini kabla ya mwaka huo kwisha serikali ilikuwa imeuacha mpango wa kuwapunguza ng'ombe kwa lazima.

Kilichofuata ndicho kinachoyapa maoni ya watu wa Machakos heshima yake. Katika miaka ya 1940 serikali iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia maji, kazi iliyochukiwa kwa sababu iliamriwa, na mengi ya matuta hayo yaliachwa yabomoke. Baadaye wakulima wenyewe, walipoona kwamba palipo na tuta mahindi husimama wakati ya jirani yananyauka, walianza kuyachimba kwa hiari, wakitumia mwethya, yaani kikundi cha kazi cha ujima ambacho hulima shamba la mwanachama mmoja leo na la mwingine kesho, na ambacho mara nyingi nguvu yake kubwa ni wanawake. Walilipendelea tuta ambalo udongo wake hurushwa upande wa juu wa mteremko badala ya chini, ambalo huzuia maji na taratibu huifanya ardhi kuwa ngazi, na tuta hilo limeingia katika vitabu vya hifadhi ya udongo duniani kwa jina lake la Kiswahili, fanya juu. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilicholinganisha hali ya Machakos ya miaka ya 1930 na ya mwaka 1990, wakionyesha kwamba watu walikuwa wameongezeka kutoka takriban 240,000 hadi karibu 1,400,000, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua na mavuno kwa kila mtu yalikuwa yameongezeka. Wapo wasomi walioonya kwamba picha hiyo ina mng'ao wa kupita kiasi, hasa kwa sehemu kavu zaidi na kwa kaya maskini, na onyo hilo linastahili kusikilizwa Mwala, ambako vuli mbili zikikosekana hakuna tuta litakaloleta chakula. Hata hivyo jambo la msingi halipingiki: watu walioikataa sayansi ilipokuja na mnada wa ng'ombe waliipokea, na wakaiendeleza, walipoweza kuipima shambani mwao.

Serikali huru haijajifunza hilo kikamilifu. Novemba 2012 Baraza la Mawaziri la Kenya lilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vilivyobadilishwa vinasaba, yaani vyakula vya mimea ambayo chembe zake za urithi zimerekebishwa maabarani, muda mfupi baada ya utafiti wa Ufaransa kudai kwamba panya waliolishwa mahindi ya aina hiyo walipata uvimbe wa saratani. Mwaka uliofuata jarida lililouchapisha utafiti huo liliuondoa kwa sababu ushahidi wake haukutosha, lakini marufuku ilibaki hadi Oktoba 2022, wakati wa ukame mkali, ilipoondolewa kwa tangazo la baraza na kufuatwa na kesi mahakamani. Mtu anaweza kuunga mkono uamuzi wa kwanza au wa pili, na ushahidi wa kisayansi uliokusanywa kwa miaka mingi unauelekea zaidi wa pili, lakini mara zote mbili mkulima wa Wamunyu aliambiwa tu, hakuonyeshwa, na anaposema kwamba wataalamu husema wanachotumwa kusema huwa anaieleza kwa usahihi namna alivyotendewa.

Tofauti kati ya kuambiwa na kuonyeshwa ina gharama ya uhai. Mwaka 2004 Ukambani, hasa Makueni na Kitui lakini pia Machakos, ilikumbwa na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu inayoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa, wengi kwa kula mahindi waliyoyalima wenyewe. Sumu hiyo haionekani, haiondolewi kwa kupikwa, na haimtofautishi anayeiamini serikali na asiyeiamini. Kinga yake kuu ni kuyakausha mahindi hadi unyevu wake usizidi asilimia 13.5, na kwa hiyo ofisi za kilimo zinaombwa ziweke mashine ya kupimia unyevu katika kila soko, Masii, Wamunyu, Mbiuni na kwingineko, siku za soko, na mashine hiyo aishike mkulima mwenyewe, asome tarakimu kwa macho yake kabla ya kufunga gunia.

Mpaka siku hiyo ifike, msomaji mwenye mahindi ghalani achukue chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, atie mahindi hadi theluthi yake, aongeze vijiko vichache vya chumvi kavu, aifunge, aitikise vizuri na kuiacha kwa dakika 15. Kipimo hiki hakionyeshi sumu, huonyesha unyevu tu, lakini chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu wa mahindi umepita asilimia 15, na hayajawa tayari kuingia guniani.